Jasho Si Shahamu



Mwezi uliopita tuliletewa barua na mama mmoja, msomaji wetu wa miaka mingi. Na kwa kuwa jambo aliloliuliza si lake peke yake, tumeona ni haki tulijibu katika ukurasa huu ili na wengine wapate kufaidika. Jina lake na mji wake hatutavitaja, kama alivyotuomba.

Mama huyo asema kwamba ana binti wa miaka 22 aliyekwisha poswa, na harusi yake yatarajiwa baada ya miezi minne. Binti huyo ameagiza kwa njia ya simu mkanda mpana wa mpira, wenye nyaya ndani yake na betri ndogo ya kuutia joto. Waliomuuzia wamemwambia kwamba utamyeyusha tumbo kwa siku 30 bila ya kupunguza chakula wala kufanya mazoezi. Tangu siku hiyo huufunga kiunoni baada ya sala ya alfajiri, akavaa nguo zake juu yake, akafagia, akafua na akapika nao mpaka adhuhuri. Na maji hanywi ila funda moja au mbili, kwani yeye husema kwamba akinywa maji uzito utamrudia. Mara mbili amepatwa na kizunguzungu jikoni, na mara ya pili aliishika meza asianguke.

Mama auliza mambo mawili: kitu hiki chafaa? Na kama hakifai, atamkataza vipi binti ambaye sasa ni mtu mzima, tena yu karibu ya kuwa na nyumba yake?

Tutajaribu kuyajibu yote mawili, na la pili ndilo zito zaidi.

Vitu vya namna hii siku hizi ni vingi. Iko mikanda ya mpira mzito usiopitisha hewa. Ziko suti nzima za mpira au nailoni zinazobana shingoni, mikononi na miguuni. Iko mikanda ya betri kama huo wa binti yetu. Na yako mablanketi ambayo wenye kuyauza husema kwamba hutoa miali ya infraredi inayopenya mpaka ndani ya nyama. Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, mwenye kuvitaka hakosi pa kuvipata, na asiyetaka kwenda dukani huletewa mpaka mlangoni. Sura zake mbalimbali, lakini kazi yake ni moja: kuuzuia mwili usipoe, au kuuongezea joto juu ya joto lake, ili utoke jasho jingi.

Watu wengi hudhani kwamba mafuta ya mwilini ni kama samli iliyoganda ndani ya kopo, na kwamba ukiisogeza karibu na moto itayeyuka na kuchuruzika, na jasho ndiyo hiyo samli inayochuruzika. Dhana hii yaingia akilini upesi, na ndiyo inayowauzia wafanya biashara mali yao. Lakini tuitazame vizuri. Ratili moja ya samli ikiyeyuka juu ya moto hubaki ratili moja. Imegeuka umbo, haikupungua. Tena shahamu ya mtu aliye hai haikuganda hata ihitaji kuyeyushwa. Imekaa laini ndani ya chembe zake, katika joto la mwili lipatalo nyuzi 37, wala haina njia ya kutoka humo kwenda kwenye vitundu vya jasho. Jasho ni maji na chumvi, basi.

Sasa shahamu huenda wapi mtu akondapo? Katika mwaka 2014 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha New South Wales katika nchi ya Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walitangaza hesabu yake katika jarida la waganga la Uingereza. Walionyesha kwamba kilo 10 za mafuta zikitumika mwilini zote, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa ni hewa ya ukaa, na kilo 1.6 zilizosalia hugeuka maji. Mlango mkubwa wa kutokea shahamu, basi, ni pua na kinywa, si ngozi ya tumbo. Wala asidhani mtu kwamba atakonda kwa kukaa na kuvuta pumzi nyingi. Shahamu haigeuki hewa ila mwili unapoihitaji kwa kazi, na mwili hauihitaji ila kilicholiwa kiwe kichache kuliko kilichotumika.

Nasi hatukutaka kusema kwa kusikia tu. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye afya, aliazima mkanda wa mpira usio na betri. Alijipima kwa mizani alasiri, akawa na kilo 84. Akaufunga mkanda, akatembea kwa haraka muda wa saa moja. Aliporudi fulana yake ilikuwa yakamulika maji. Akajifuta, akajipima tena, akawa na kilo 83 na robo. Robo tatu ya kilo kwa saa moja! Lau angekuwa ni mwenye kuuza mikanda, angaliishia hapo na kupiga picha ya mizani. Lakini akanywa maji yake, akala chakula chake cha usiku kama ada yake, akalala. Asubuhi mizani ikasoma kilo 84. Maji yaliyotoka alasiri yalirejea usiku mahali pake, na shahamu ilikuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho haikujongea.

Na hesabu yathibitisha hayo. Kilo moja ya shahamu ya mwili ina nguvu ipatayo kilokalori 7,700. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka saa nzima hutumia kiasi cha kilokalori 300. Kwa hiyo kilo moja ya shahamu ni kazi ya kutembea saa 25 hivi. Basi mtu akikuambia kwamba kilo moja imemtoka katika saa moja, jua kwamba asema kweli juu ya mizani, lakini amekosea juu ya shahamu.

Kama hasara ya mikanda hii ingekuwa ni fedha peke yake, tungaliandika mistari michache tukanyamaza. Lakini iko khatari kubwa kuliko ya fedha.

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili na hila ya ajabu ya kujipoza. Joto likizidi, jasho hutoka, na likikauka juu ya ngozi huchukua joto likaenda nalo. Faida yote imo katika kule kukauka. Jasho lililozuiwa chini ya mpira halikauki, na kwa hivyo halipozi. Mwili hutoa maji zaidi ukitumaini kupoa, na joto lisitoke. Hapo mtu amepata khasara mbili kwa pamoja: maji yamempungua na moto umemzidi. Nasi watu wa pwani twaijua miezi ya kaskazi, jinsi hewa inavyokuwa nzito kwa unyevu hata jasho lisikauke juu ya mtu aliyekaa barazani na upepo wake mkononi. Je, itakuwaje kwa aliyejifunga mpira akasimama mbele ya jiko?

Joto la ndani ya mwili likipanda likapita nyuzi 40, akili huanza kuchanganyika, moyo huenda mbio, figo na maini huweza kuharibika, na asiyepozwa upesi aweza kufa. Wala msidhani kwamba twawatisha watoto kwa zimwi. Mwaka 1997, baina ya tarehe 7 Novemba na tarehe 9 Desemba, walikufa vijana watatu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, mmoja katika jimbo la North Carolina, wa pili Wisconsin na wa tatu Michigan. Wa kwanza alikuwa na miaka 19, wa pili miaka 22, wa tatu miaka 21. Wote walikuwa wachezaji wa mieleka, wenye nguvu na afya, na kila mmoja alitaka kupunguza uzito upesi ili apate kushindana katika daraja ya chini yake. Walijinyima chakula na maji, wakavaa nguo zisizopitisha mvuke, wakafanya mazoezi mahali pa joto. Baada ya misiba hiyo, Januari 1998, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya nchi hiyo kilizipiga marufuku suti za mpira na vyumba vya joto kwa wenye kutaka kupunguza uzito.

Wazee wenzetu, tulizingatieni jambo hilo. Vijana wale walikuwa wamezoea mazoezi tangu utotoni, na walikuwa katika vyuo vyenye walimu wa michezo. Binti yetu huyu yu peke yake jikoni, na kile kizunguzungu kilichompata mara mbili si dalili ya kwamba mkanda unafanya kazi. Ni mwili unaolia.

Na wako watu ambao hawafai kabisa kuvisogelea vitu hivi. Wa kwanza ni mja mzito, khasa katika wiki za mwanzo, kwani joto kubwa la mwili wakati huo laweza kudhuru ubongo na uti wa mgongo wa mtoto aliye tumboni. Na mara nyingi mwanamke huwa hajajua bado kwamba ana mimba. Wa pili ni mwenye kisukari ambaye ngozi yake imeingia ganzi, kwani aweza kuungua asihisi. Wa tatu ni mwenye maradhi ya moyo, au mwenye kutumia dawa za kutoa maji mwilini kwa ajili ya presha. Kisha ni wazee sana na watoto wadogo. Ama kulala na mkanda wa betri ukiwa unawaka, hilo hatumpi rukhsa hata mzima. Na ngozi inayochomwa kidogo kidogo kila siku mahali pamoja huota alama za hudhurungi mfano wa wavu, ambazo huenda zisiondoke upesi. Na anayefunga Ramadhani akajifunga na mkanda huu mchana, hali hawezi kunywa maji mpaka magharibi, anaitia nafsi yake katika maangamizo ambayo Qur'ani Tukufu imetukataza kujitia kwa mikono yetu.

Si haki, hata hivyo, kulilaumu joto lenyewe. Joto lina manufaa yake, na bibi zetu waliyajua kabla ya betri kuzaliwa. Mwenye maumivu ya kiuno alikandwa kwa maji ya moto. Msichana mwenye maumivu ya mwezi aliwekewa chupa ya moto iliyofungwa kitambaa. Na mzazi alikandwa katika arubaini yake na tumbo lake likafungwa mkaja. Waganga wa leo nao wamezijaribu pedi za joto la wastani, na wameona kwamba hupunguza maumivu ya mgongo na ya hedhi. Anayeutumia mkanda wa joto kwa ajili hiyo, kwa muda mfupi, juu ya nguo na si juu ya ngozi tupu, hatuna neno naye. Lakini hatukumsikia bibi hata mmoja akidai kwamba maji ya moto yanakondesha. Tena bibi alipokanda alikuwapo, akimtazama anayemkanda, na mkono wake uliujua moto unaochoma.

Wauzaji wengine hutoa hoja ya watu wa Finland, ambao hukaa katika vyumba vya joto kali na wana afya njema. Ni kweli kwamba mwaka 2015 ulitangazwa uchunguzi juu ya wanaume 2,315 wa nchi hiyo, ambao walioingia vyumba hivyo mara nyingi katika wiki walionekana kufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko walioingia mara moja. Lakini uchunguzi huo ulikuwa wa kuwatazama watu katika ada zao, na huenda wenye kuingia mara nyingi walikuwa na mambo mengine mema yaliyowalinda. Tena watu wale huketi uchi wa kutosha jasho lipate njia, hutoka baada ya dakika chache, hujipoza na hunywa maji. Mkanda wa mpira chini ya nguo hauhusiani na hayo hata kidogo.

Na katika nchi ya Marekani, tume ya serikali inayowalinda wanunuzi na biashara ya udanganyifu iliwatolea wenye magazeti na matangazo, mwaka 2014, orodha ya madai saba ya kukondesha ambayo yasiyumkinika kuwa kweli. Moja katika hayo ni dai la kwamba kitu cha kuvaa mwilini au cha kupaka juu ya ngozi chaweza kupunguza uzito mwingi. Jingine ni kwamba mtu atakonda na huku akila kiasi chochote apendacho. Ahadi aliyopewa binti yetu imeyakusanya yote mawili.

Sasa lililo bora ni lipi? Ni lile la zamani, lisilo na betri. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha tusilijaze tumbo, bali tuligawe baina ya chakula, kinywaji na pumzi. Tuanze na jepesi. Chupa moja ya soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai, na nguvu yake ni kiasi cha kilokalori 200. Aliyezoea kunywa moja kila siku, akaiacha siku 40 wala asitie kitu kingine mahali pake, ameokoa kilokalori 8,000, nazo ni zaidi ya kilo moja ya shahamu. Akipunguza na sukari ya chai, na maandazi ya pili ya asubuhi, na akatembea nusu saa kila siku jua likipungua, basi katika miezi minne ataona tofauti, na tofauti hiyo haitarudi kwa glasi ya maji. Ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, wala asiwe mtumwa wa mizani. Na akiwa na uzito mwingi unaompa taabu, amwendee daktari, kwani huenda ikawa ni maradhi yanayotaka dawa.

Na mkiwa nyumbani mkamwona mtu aliyezidiwa na joto, anayebabaika maneno au aliyeanguka, msimkusanyikie. Mfungueni mkanda na nguo nzito, mwekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na mumpepee, na mumpeleke hospitali pasipo kungoja. Maji ya kunywa apewe akiwa ana fahamu zake tu.

Tumebakiwa na swali la pili, ewe mama yetu: utamkataza vipi?

Barua yako ilikuwa na kurasa mbili, na neno kubwa umeliweka mwisho wake, kama mtu aliyetaka kulificha. Umesema kwamba siku aliyokuja fundi kumpima binti gauni la harusi, shangazi zake walikuwapo, na fundi alipokitaja kipimo cha kiuno mmoja wao akasema maneno ya mzaha, wakacheka wote. Kisha umeandika, "Na mimi nilicheka." Wiki ile ile mkanda ukaingia nyumbani.

Hatukulaumu zaidi ya ulivyojilaumu mwenyewe. Lakini wewe na sisi sote tuelewe kwamba mfanya biashara hakumjua binti huyu. Alitangaza mali yake kwa wote, na neno letu ndilo lililomfungulia mlango. Qur'ani imetukataza kudharauliana kwa kicheko, wanaume kwa wanawake, nasi huona kwamba makatazo hayo ni ya watu wa mbali, tukajihalalishia ndani ya nyumba zetu, juu ya watoto wetu, kwa jina la utani. Utani wa mtu mzima juu ya mwili wa kijana haupiti kama upepo. Hukaa.

Basi usianze kwa kukataza. Anza kwa kumwita, mkiwa wawili, umwambie kwamba siku ile ulikosea kucheka na kwamba umejuta. Hilo si kujishusha. Mzazi anayekiri kosa huinuka machoni pa mwanawe. Kisha mpe ukurasa huu ausome mwenyewe, kwani ni mtu mzima mwenye akili. Akitaka ushahidi, usimwambie avae mkanda tena. Mwambie ajipime asubuhi, anywe glasi mbili za maji, ajipime tena papo hapo. Mizani itapanda nusu kilo, na atajua mwenyewe kwamba hakunenepa nusu kilo kwa dakika moja, na kwamba maji aliyokuwa akiyaogopa si adui yake. Kisha tembeeni pamoja jioni, wewe na yeye. Miezi minne si mingi, na baada yake hatakuwa nyumbani mwako.

Na shangazi zake waambie, kwa heshima yao, kwamba fundi akirudi wamtakie mwari baraka au wanyamaze.

Mwili ni amana aliyotukabidhi Mwenye kuumiliki, nasi tutaulizwa tulivyoutunza. Na tutaulizwa pia tulivyozitumia ndimi zetu juu ya miili ya wenzetu. Twamwomba Mwenyezi Mungu amlinde binti huyu, aibariki harusi yake, na atuongoze sote katika lililo na kheri. Wabillahi tawfiq.